Oda imechelewa na mteja anapiga simu: tuzungumze mawasiliano kwenye biashara zetu

SeremalaDada

Habari za jioni wakuu,

Nina karakana ya fanicha Keko, Dar es Salaam. Mafundi wanne, kijana mmoja wa msasa na vanishi, na mimi ninayepokea oda, kutafuta mbao na kushinda na simu mkononi. Huu ni mwaka wa tisa. Wiki iliyopita mdogo wangu, aliyefungua biashara ya mapazia, aliniuliza: "Dada, wateja wanakurudia kwa kipi, wakati Keko nzima inatengeneza vitanda vilevile?" Nilimjibu maneno mawili matatu, halafu usiku nikajikuta bado namjibu kichwani. Nimeona niyalete hapa.

Nianze na kilichonifundisha. Mwaka wangu wa tatu nilipokea oda ya kitanda cha sita kwa sita na kabati la milango mitatu, vyote mninga, kwa nyumba ya maharusi. Nilichukua advansi nusu, nikaahidi wiki tatu. Mbao zikaja mbichi. Mninga inasifika kwa kutulia, lakini hata yenyewe ukiikimbiza kabla haijakauka, maungio yanaachia na milango inaanza kukwama. Fundi wangu mkubwa alikataa kuigusa, na alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu: sikumwambia mteja.

Siku ya kumi akauliza, nikajibu "inaendelea vizuri mama." Siku ya kumi na nane akauliza tena, nikasema tupo kwenye vanishi. Muda huo mbao zake zimeegemezwa ukutani. Siku ya ishirini na moja nikaona jina lake kwenye simu, nikaiacha iite. Iliita mara sita. Kesho yake akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, akaziona. Hakupaza sauti. Alisema: "Ungeniambia mbao ni mbichi, ningewaambia watoto walalie godoro chini mwezi mmoja. Sasa sijui hata kama kitanda kipo."

Nilimrudishia hela yake yote. Harusi ilipita, na sikumwona tena. Kilichoniuma kuliko hela ni kwamba sababu niliyokuwa nayo ilikuwa nzuri. Nilikuwa nalinda fanicha yake isiharibike! Angeweza kunisifu kwa jambo lilelile lililomkimbiza.

Tangu siku hiyo nina sheria moja karakana: habari mbaya inamfikia mteja siku ileile sisi tulipoijua, kabla hajauliza. Ikipita siku mbili na akapiga yeye, maneno yaleyale yanageuka kuwa utetezi. Ujumbe wangu una mambo matatu tu: kilichotokea, tarehe mpya, na anachoweza kuchagua. Siandiki "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Naandika "mbao zimekuja na maji, zinahitaji siku kumi na mbili kukauka." Kwenye tarehe mpya naongeza siku mbili juu ya ile aliyonipa fundi, maana kuchelewa mara ya pili kunafuta yote uliyoyajenga mara ya kwanza. Na uchaguzi uwe wa kweli: asubiri, achukue mkongo uliokwisha kukauka, au arudishiwe advansi. Hili la mwisho linawaogopesha wengi. Kwangu mimi, wanaolichagua ni wachache sana, lakini kulitaja kunamtuliza hata yule anayesubiri.

Jambo la pili ni kuandika oda. Tulikuwa tunakubaliana kwa mdomo, mteja amekaa kwenye benchi, fundi anaitikia, kila mtu anaondoka na kitanda chake kichwani. Sasa mteja hatoki kabla hajapokea ujumbe wa namna hii:

"Oda namba 47. Kitanda futi 5 kwa 6, mkongo, droo mbili upande wa kulia ukiwa umelala chali, vanishi kahawia iliyokolea. Bei 950,000. Umelipa 500,000. Baki 450,000 siku ya kukabidhiwa. Kitakuwa tayari Jumamosi tarehe 14, saa 4 asubuhi. Godoro halimo. Usafiri wa Kigamboni haumo. Kama kuna kosa niandikie leo, kesho tunakata mbao."

Angalieni yale ya "halimo". Ugomvi mwingi nilioupata ulitoka kwenye kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Mteja anaona picha ya kitanda chenye godoro, kwake godoro limo. Halafu saa. Ukimwandikia mtu "saa 4" na simu yake inasoma kwa saa za Kizungu, atafika alasiri wakati kirikuu, kigari cha mizigo, imeshaondoka. Andika asubuhi, mchana, jioni. Na "wiki ijayo" si tarehe.

Bei naiweka kwenye picha. Nimeacha kabisa "njoo inboksi kwa bei". Mtu aliyeona kabati saa tano usiku hana nguvu ya kukuomba bei halafu asubiri mpaka kesho. Na akishaona umeficha, anahisi utamkadiria kwa gari alilokuja nalo.

Kuhusu sauti na maandishi: mwanzoni nilikuwa natuma ujumbe wa sauti kwa kila mtu, dakika tatu, nne. Wengine wako ofisini, hawawezi kuusikiliza, na bei ukishaitamka kwa sauti hakuna anayeipata tena akiitafuta. Lakini nina wateja wazee ambao maandishi yanawachosha macho, hao napiga simu, halafu namtumia mtoto wake muhtasari. Siku ya kwanza nauliza tu: "Nikupate kwa njia gani, na muda gani usiokusumbua?"

Naomba michango yenu. Naamini kila kazi ina mahali pake ambapo maneno yanavunjika.

Kongowea_Bale

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, nauza nguo za mtumba za watoto kwa jumla pale Kongowea. Dada, hilo la bei kwenye picha linanisumbua. Soko letu ni la kuongea bei. Nikiandika, jirani yangu ataweka chini yangu kwa shilingi hamsini na mteja ataenda. Pia huwa nina wateja wa miaka mingi ambao nawapunguzia, wataniuliza mbona bei ya picha ni nyingine.

SeremalaDada

Kongowea_Bale, asante dada. Soko la kuongea bei lina heshima yake na sikwambii uliache. Jirani yako bei yako anaijua tayari, nakuhakikishia. Asiyeijua ni mteja aliyeko Malindi au Voi anayepima kama nauli yake italipa. Huyo mpe mahali pa kuanzia: "Robota la kilo 45, gredi ya kwanza, kuanzia shilingi kadhaa, bei ya kuchukua mawili tunaongea." Neno "kuanzia" linaacha mlango wazi. Ila usiandike "kuanzia" kwa bei ambayo haipo dukani, mtu akifika akute hilo robota "limeisha jana". Akifanyiwa hivyo mara moja harudi.

Wateja wa zamani waambie kwa jina: "bei yako wewe ni hii." Watafurahi kuliko punguzo lenyewe.

Kongowea_Bale

"Bei yako wewe." Hiyo nimeichukua. Na hapo kwa gredi umegusa kidonda. Watu huandika gredi ya kwanza, ukifungua robota ni matambara. Mimi hufungua moja mbele ya kamera nikihesabu vipande, vibovu pia naonyesha. Wateja wa mbali hunitumia pesa bila kufika kwa sababu ya hizo video tu.

Gereji_Tabata

Wakuu, nawasoma kwa makini. SeremalaDada, fundi wa mbao ana wiki tatu, mimi nina saa tatu. Mteja ameacha gari asubuhi, saa sita ananiuliza, saa saba ananiuliza, saa nane anapiga. Mikono imejaa oili, niko chini ya gari. Nikisimama kumjibu kila mmoja hakuna gari litakalotoka. Na wapo wanaoandika saa sita za usiku halafu asubuhi wananuna kwamba nimewadharau.

SeremalaDada

Mkuu, anauliza kila saa kwa sababu hajui lini utasema. Akiacha ufunguo mwambie: "Saa 7 mchana nitakupigia, hata kama sijamaliza." Halafu saa 7 mpigie kweli, hata kama habari ni "bado natafuta tatizo." Weka kengele kwenye simu. Mtu mwenye ahadi ya saa 7 ananyamaza mpaka saa 7. Ukiivunja ahadi hiyo mara moja tu, ataanza kupiga saa 3.

Kuhusu usiku: programu ya WhatsApp Business ni bure, ipo tangu 2018, na ina ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe kwa saa ulizopanga. Wangu unasema: "Tumefunga. Tunafungua saa 2 asubuhi, nitakujibu kabla ya saa 3. Kama fanicha yako ipo njiani usiku huu, piga simu ya kawaida." Wengi wanaandika "asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi punde." Hivi punde ya saa sita usiku ni uongo, na ni neno la kwanza mteja analolisikia kutoka kwako.

Kwenye programu hiyohiyo kuna lebo za rangi. Nina "hajalipa", "mbao zinakauka", "vanishi", "tayari". Asubuhi nafungua lebo moja moja kabla sijanywa chai. Ndiyo ninavyojua nani anastahili ujumbe leo.

Gereji_Tabata

Hilo la kupiga hata kama sijamaliza sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa naona nikipiga bila jibu ni kama najidhalilisha.

NilikuwaHudumaKwaWateja

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kituo cha simu za wateja, sasa nina duka la vipodozi. Naongeza mambo madogo ya kiufundi ambayo yanakula hela za watu bila wao kujua.

Ujumbe mfupi wa kawaida unabeba herufi 160. Ukiweka kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka, uwezo unashuka hadi herufi 70, kwa hiyo tangazo lako linagawanyika na unatozwa jumbe mbili au tatu. Kama unatuma kwa wateja mia nne, piga hesabu.

Kwenye WhatsApp, orodha ya matangazo inawafikia tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao, na orodha moja inachukua watu 256. Watu wanatuma tangazo kwa mia mbili, linafika kwa thelathini, wanadhani soko limekufa. Mteja akilipa mara ya kwanza, mwombe ahifadhi namba palepale, mpe na sababu: "ukihifadhi utaona mzigo mpya kwenye stetasi." Stetasi inakaa saa 24, basi iweke muda ambao wateja wako wanashika simu.

La tatu ni malipo. Baada ya miaka yote hii ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kila Mtanzania ana wasiwasi. Ukituma namba ya malipo, andika na jina litakalotokea, herufi kwa herufi. Kama duka linaitwa hivi na lipa namba imesajiliwa kwa jina la mumeo, sema hivyo kabla, vinginevyo mteja ataona jina la mwanaume asiyemjua na atasitisha. Na usibadilishe namba ya malipo kwa ujumbe peke yake. Mpigie. Waambie pia wateja kwamba wakipata namba ngeni inayojifanya wewe, waitume TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kupitia 15040. Tigo Pesa ilipogeuka Mixx by Yas mwishoni mwa 2024, mimi niliandika majina yote mawili kwenye bango na bado yapo, kwa sababu mama zangu wa mtaani wanasema Tigo mpaka leo. Mteja anasoma jina analolijua.

MamaKeki_Moro

Mmenigusa. Mimi nipo Morogoro, naoka keki za harusi na za kuzaliwa. Kwangu maneno yanavunjika kwenye jina. Nimewahi kuandika jina la mtoto kwa herufi zisizo zenyewe kwa sababu mama yake alilitamka kwenye simu, na majina ya siku hizi kila mzazi ana namna yake ya kuyaandika. Mtoto alilia mbele ya wageni. Nilikwenda mwenyewe na krimu kurekebisha, lakini picha zilishapigwa.

Sasa sipokei jina kwa mdomo. Lazima aliandike kwa herufi kubwa, nami ninalipiga picha kwenye karatasi na kumrudishia: "Hivi?" Asipojibu "ndiyo", keki inabaki bila jina mpaka ajibu.

Swali langu: mteja akilalamika hadharani, kwenye maoni chini ya picha zangu, nifanye nini? Mwaka jana mmoja aliandika keki ilikuwa kavu. Nilifuta maoni yake. Akarudi na dada zake.

SeremalaDada

Mama, pole kwa yule mtoto, na kwenda mwenyewe kurekebisha si jambo dogo.

Maoni usifute, labda yawe matusi. Wanaoyasoma ni wengi kuliko aliyeandika, na wanakungoja wewe. Jibu hapohapo kwa sentensi mbili: "Pole dada, keki ya Jumamosi haikuwa tulivyokubaliana. Nakupigia sasa hivi." Halafu mpigie kweli. Mkimaliza, rudi uandike mlivyomaliza, kwa ruhusa yake. Usimwambie "mbona wengine wamesifia", hilo linamfanya mwongo mbele ya watu. Na kama keki haikuwa kavu? Bado mwanzo ni pole, kwa sababu sherehe yake iliharibika kwa upande wake. Maelezo ya kwamba ilikaa juani kwenye gari yasemwe kwenye simu.

Mkaazi_wa_Goba

Mimi sina biashara, ni mteja, na nina dukuduku. Niliweka jiko jipya la kabati, fundi akapiga picha, sawa. Kesho yake naikuta stetasi yake: jiko langu, mlango wangu wa nyuma, na mazungumzo yetu ya malipo yakiwa na jina langu, eti kuonyesha wateja wanaridhika. Niliridhika na kabati. Sikuridhika na hilo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake. Watu wanadhani inahusu mabenki tu. Namba yangu, jina langu na ramani ya nyumba yangu ni taarifa zangu.

SeremalaDada

Mkaazi_wa_Goba, nakushukuru sana, na mimi ni mkosaji hapa. Nimekuwa napiga picha kitanda chumbani kwa mtu na kukirusha. Kuanzia oda ya kesho naongeza mstari kwenye muhtasari: "Naomba ruhusa kupiga picha fanicha tu, bila jina wala nyumba. Jibu ndiyo au hapana." Mazungumzo ya wateja nayatoa yote leo usiku.

Kuna jambo nililisahau kwenye uzi, nalo ni mawasiliano ya ndani. Mteja anaweza kuandika vizuri, nami nikapokea vizuri, halafu nikamwambia fundi kwa kupiga kelele huku randa inanguruma. Tuliwahi kukata kabati la inchi 48 kama sentimita 48, mbao ikawa kuni. Siku hizi kila oda ina karatasi yenye mchoro, vipimo na alama ya inchi au sentimita, inabandikwa kwenye mbao yenyewe. Ukutani kuna ubao wa chaki wenye namba za oda na tarehe. Na fundi ana ruhusa kamili ya kuniambia "hii haitawahi Jumamosi" bila kufokewa. Zamani nilikuwa nafoka, kwa hiyo walinificha, na mimi nikawa wa mwisho kujua, baada ya mteja. Ile oda ya mninga nilibahatika tu kwamba yule fundi mkubwa hakuogopa sauti yangu.

Sofa_Mwenge

Wakuu, nimesoma uzi wote nikiwa nimeshika kichwa. Nina oda ya sofa la watu saba, lilipaswa kutoka Ijumaa, leo Jumanne. Kitambaa alichochagua kimeisha dukani Kariakoo, mzigo mwingine haujulikani lini. Mteja amepiga mara nne, sijapokea. Nimwandikie nini sasa hivi?

SeremalaDada

Usimwandikie kwanza, mpigie. Amepiga mara nne, anastahili sauti yako. Akishakata, mtumie kwa maandishi mliyokubaliana. Sema hivi, kwa maneno yako:

"Samahani dada, ulinipigia na sikupokea, nilikosea. Fremu na sponji vimekamilika. Kitambaa ulichochagua kimeisha, na duka haliwezi kuniambia kitarudi lini. Nina vitambaa vitatu vinavyokaribiana, nakutumia picha zake mchana kwenye mwanga wa jua. Ukichagua leo, sofa linafika kwako Jumapili. Ukitaka kusubiri kilekile nitasubiri na wewe, na ukitaka hela yako nakurudishia."

Usimlaumu mwenye duka la kitambaa. Mteja alikupa wewe oda.

Sofa_Mwenge

Nimempigia. Dakika mbili za kwanza alinisema sana, sikumkatiza. Halafu akauliza kama fremu ni mbao ngumu kweli, akataka picha ya ndani kabla haijafunikwa. Nimempigia picha pande zote. Amechagua kitambaa cha pili, cha kijivu, ila anasema usafiri mpaka Mbezi nilipe mimi.

SeremalaDada

Lipa. Muandikie muhtasari mpya sasa hivi: rangi, Jumapili saa ngapi, usafiri umo. Na Alhamisi mtumie picha ya kitambaa kikiwa kimeshonwa upande mmoja, asikuulize.